Fundi Valizi Aenda Kutazama Kisangani

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili na tatu. Hapana, nimesema vibaya: ni mwaka wa elfu mbili na mbili, maana volkano ilikuwa imekwisha kuchoma Goma, na watu wa Goma waliokimbilia Butembo walikuwa wanauza sokoni vyombo vyenye kunuka moshi. Ndiyo mwaka ule. Nchi ilikuwa imekatwa vipande kama nyama ya sikukuu, kila kipande na mkubwa wake. Butembo na Beni vilikuwa katika kipande kimoja, Kisangani katika kingine.

Sokoni Butembo, karibu na washona viatu, alikaa mtu jina lake Zorobabel. Kazi yake ilikuwa kutengeneza valizi, masanduku ya safari: zipu iliyong'oka meno, gurudumu lililopasuka, mkono uliokatika. Kazi haikukosekana. Watu wa Butembo ni watu wa biashara, walikwenda Kampala, walikwenda Dubai, vita au si vita, na valizi zao zikirudi zimevimba na kupasuka zilipelekwa kwake. Kwenye mikono ya zile valizi vilikuwa vimebaki vikaratasi vya viwanja vya ndege. Zorobabel hakuvitupa. Alivikata polepole kwa wembe, akavibandika kwa gundi ndani ya kifuniko cha sanduku lake la vyombo, hata kifuniko kikajaa miji. Yeye mwenyewe hakuwahi kupita Beni upande wa kaskazini, wala Lubero upande wa kusini.

Umri wake ulikuwa umepita hamsini. Mke wake, Orpa, aliuza maharagwe ya Lubero mbele ya nyumba. Mtoto hawakupata. Kwa sababu hiyo, katika ukoo, neno la Zorobabel lilikuwa jepesi, na neno la mdogo wake Phinées lilikuwa zito. Phinées alikuwa na duka la vitenge, na Dubai aliijua kama uwanja wa nyumba yake.

Kila Jumapili, baada ya kutoka kanisani, wanaume wa ukoo walikaa kwa Phinées kunywa chai. Hapo ndipo miji ilipotajwa.

"Dubai," Phinées alisema siku moja, "barabara iko mwororo sawa meza. Unaweka kikombe ya chai mbele ya chauffeur, ata tone haimwangike."

"Hata Kampala banasema—" Zorobabel akajaribu.

"Banasema! Yaya, weye ulifikaka Kampala lini? Ni valizi ilikuambia?"

Wote wakacheka kusikia kaka mkubwa, yaya, akiulizwa hivyo. Mzee Éliakim, mkubwa wa ukoo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Muache Zoro," alisema. "Yeye iko sawa mulango ya kanisa. Bote banapita, yeye inabaki."

Zorobabel naye alicheka kidogo, kwa adabu, akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. Moyoni alikuwa na neno moja tu, na neno hilo lilikuwa limekaa humo miaka mingi: aone mji mmoja kwa macho yake, arudi, akae kwenye kile kiti, aseme habari yake toka mwanzo mpaka mwisho, na mtu asimuulize nani alimwambia. Hakutaka zaidi ya hapo.

Mwaka ule mfanyabiashara mmoja alikuwa ameweka sahani kubwa ya chuma juu ya bati la nyumba yake, inatazama mbinguni, na chini yake akafungua cyber, chumba cha mashine za intaneti. Aliyeshika mashine ni Ornella, binti wa familia moja ya Kikatoliki, mwenye subira na kucha nyekundu. Mkoba wake ulikuwa umekatika mshipi. Zorobabel aliushona vizuri kuliko ulivyokuwa mpya, na Ornella akasema badala ya malipo atamkalisha mbele ya mashine.

"Papa, unatafuta nini?"

"Natafuta muji, mama."

"Unatafuta mutu mu muji gani?"

"Hapana mutu. Muji yenyewe. Ya kutazama."

Ornella alimgeukia. Alikwisha kuandikia watu barua za kutafuta bei ya mabati, za kutafuta mjomba aliyepotea Canada, hata za kuombewa na nabii wa Nigeria. Lakini mji wa kutazama tu, hakuna aliyewahi kumuomba.

"Donc weye ni touriste?"

"Kama ndiyo bazungu banaita vile, ndiyo."

Alisema Kisangani. Alipokuwa darasa la nne, ambalo ndilo lilikuwa darasa lake la mwisho, kitabu kilikuwa na picha ya wanaume wamesimama juu ya miti katikati ya maji yenye hasira, wanashusha vikapu vikubwa kama nyumba ili kunasa samaki. Mwalimu alisema ni Kisangani. Tangu siku ile kila alipofunga valizi ya mtu alifikiri vikapu vile.

Ornella akaandika jina. Walingoja. Picha ilishuka kutoka juu kidogo kidogo, kwanza mbingu, halafu vichwa vya watu, halafu mikono, halafu vikapu.

"Ni bile!" Zorobabel alipiga paja lake. "Mama, ni bile bikapo!"

Watu waliokuwa wanangoja nyuma wakacheka. Hakuwasikia. Ornella alimsomea Kifaransa na kumgeuzia. Mtu mmoja wa Ulaya alikuwa ameandika namna ya kuuona mji wa Kisangani bila haraka: maporomoko na wavuvi wake, kanisa kubwa la Wakatoliki kando ya mto, hoteli yenye bustani ambapo watumishi wanavaa nyeupe, mtumbwi wa kuvuka wakati jua linashuka. Ukurasa mwingine ulisema namna ya kufika. Kutoka Beni mtu anapita Oicha, anapita Mambasa, analala Epulu kutazama okapi, na barabara ni nzuri, magari ni mengi. Chini kabisa, watu waliofika waliipa hoteli nyota.

"Nyota ni ya nini?"

"Ni points, Papa. Sawa mwalimu anakosoa."

"Na hoteli ilipata ngapi?"

"Ine juu ya tano."

"Ile moja iliangushwa na nini?"

Ornella akatafuta. "Mutu moja anasema chai ililetwa baridi."

Zorobabel alifurahi sana. Mji ambao lalamiko lake ni chai baridi! Akauliza neno moja tu, kama mtu mwenye akili: "Hii habari ni ya leo?"

"Papa, si unaiona inashuka sasa hivi? Ingetoka wapi ingine?"

Ornella hakudanganya. Wote wawili walilelewa na redio, na redio inasema ya leo. Ya jana imekwisha kupita na upepo. Hawakujua kwamba mtu yule wa Ulaya aliandika kabla ya vita vya kwanza vya nchi yetu, wakati magari yalikuwapo, na kwamba hakuna aliyepanda kule juu kufuta. Ule ukurasa uliendelea kusema barabara ni nzuri, barabara ni nzuri, kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Alirudi cyber mara nyingi. Alichagua, akabadilisha, akachagua tena. Kanisa alitaka kulitazama kwa nje tu, kwa kuwa yeye ni Mprotestanti, halafu akaona si vibaya kuchungulia ndani. Mwisho Ornella alimpigia chapa programu nzuri kwenye karatasi, kila siku na mahali pake, na picha ya wavuvi juu. Nakala mbili.

"Na vita?" Orpa aliuliza alipoonyeshwa.

"Vita iko kila pahali, mama. Hata hapa kwetu iko. Mais hapa hakuna bikapo."

Jumapili iliyofuata aliweka karatasi juu ya meza ya Phinées. Phinées aliisoma yote kwa sauti, na kila mahali paliposemwa "kutazama" alisimama ili watu wacheke. Wasafiri wa chukudu, wale wa kusukuma mizigo kwa baiskeli za mbao, walikuwa wamesema kwamba njia ile imeoza, na Phinées alilitaja hilo pia, lakini kwa mzaha. Kwenda kutazama! Mtu hauzi, hanunui, haziki mtu kule! Basi akachoka kucheka, akampa ndugu yake valizi yake ya zamani, ile ambayo Zorobabel mwenyewe alikuwa ameitengeneza gurudumu.

"Haya, Yaya. Ukirudi utatuambia."

Ukirudi utatuambia. Neno lile lilimtosha Zorobabel kama chakula cha njiani.

Aliondoka na camion, lori la kubeba chumvi. Orpa alipigilia nakala yake ukutani kando ya mlango, chini ya kalenda ya kanisa, na kila jioni jirani alimsomea: leo yuko Beni, leo yuko Oicha, leo yuko Mambasa.

Lakini Mambasa hakuwako. Camion ilifika Oicha ikasimama. Dereva, mtu mnene mwenye maneno machache, alikuwa amesikia vibaya kuhusu mbele, akakaa kivulini kwa watu wanaokausha kakao, akangoja.

"Chauffeur," Zorobabel alimwambia, karatasi mkononi, "programu inasema leo ni Mambasa."

"Basi programu yako iendeshe camion."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ambayo karatasi ilisema Zorobabel analala Mambasa, yeye alikuwa Oicha, anakula ndizi za kuchoma na kukasirika kwa kuchelewa. Siku ile ile vita viliingia Mambasa. Redio ilisema jioni. Zorobabel alisikiliza pamoja na wengine, akatikisa kichwa, akasikitikia watu wa Mambasa. Haikumjia kabisa kwamba Butembo kuna mwanamke anatazama ukuta.

Dereva akatulia, halafu akasema atafika kijiji kimoja mbele kidogo tu, ana watu wanaongoja chumvi, halafu atageuza. Zorobabel akapanda. Kidogo tu mbele ni afadhali kuliko hapana kitu.

Walikutana na barrière, kizuizi cha askari, katikati ya msitu. Askari wale hawakusema ni wa nani. Walishusha chumvi, wakashusha watu, wakawalaza watu tumbo chini kando ya barabara. Dereva walimwambia akimbie. Alikimbia vizuri kwa mtu mnene. Walimwacha afike karibu na mti mkubwa, na ndipo walipompiga risasi, na mmoja wao akampigia makofi mwenzake kwa kulenga vizuri.

Halafu wakafungua valizi. Wakaikuta karatasi.

"Vieux, yaka awa!" Commandant wao, aliyemwita mzee aje kwa Kilingala, alikuwa kijana mwenye miwani ya jua iliyokosa kioo kimoja. "Hii ni nini?"

"Ni programu, chef."

"Ya nini?"

"Ya kutazama Kisangani."

Commandant alijua kusoma. Alisoma yote kwa sauti: okapi, bustani, mtumbwi wakati jua linashuka. Askari walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Phinées hakuwahi kupata kicheko kama kile.

"Touriste! Na camera iko wapi?"

"Sina, chef."

"Touriste bila camera ni espion, ni mupelelezi." Miwani ilimtazama kwa jicho moja. "Tukikuua hapa, vieux, nani atalia?"

Zorobabel alikuwa amepiga magoti. Akafikiri Orpa. Akafikiri Phinées na chai yake, mzee Éliakim, watu wa kanisa, hata Ornella. Akajibu mara moja, maana kwa neno hilo hakuwa na shaka:

"Kwetu beko benye kulia, chef. Bengi."

"Mimi sina ata moja," Commandant alisema. "Muache. Huyu atatutembeza."

Wakamchukua. Wale vijana waliolazwa pamoja naye walibebeshwa chumvi. Waliochoka waliachwa njiani, na Zorobabel alijifunza kutogeuka kutazama walivyoachwa. Yeye alibebeshwa sufuria na valizi, na zaidi ya hapo alipewa kazi ya kucheza. Kila walipofika mahali Commandant aliita: "Guide! Leo tunaona nini?" Zorobabel asimame na karatasi, asome kama anawaonyesha wageni. Alikuwa amekariri maneno ya Ornella, na alipokwama alitunga. Akiwafurahisha, anakula. Wasipocheka, anapigwa kwa upande wa panga.

Siku moja waliingia kijiji ambacho watu wake walikuwa wamekimbia. Nyumba zilikuwa zimeungua, isipokuwa moja, na mbele yake alikaa mama mzee asiyeweza kukimbia, kuku wake mmoja amefungwa mguuni.

"Guide! Hoteli ni ile?"

"Ndiyo, chef. Hii ndiyo hoteli. Byumba biko safi. Watumishi banavaa nyeupe."

Askari wakaanza kucheka. Mmoja alikata kamba ya kuku.

"Endelea."

"Bustani inatazama ku mto. Wenyeji beko wakarimu."

Yule mama hakuwatazama askari. Alimtazama Zorobabel. "Baba," alisema, "weye uko mukristu. Juu ya nini unasoma vile?"

Zorobabel akashusha karatasi.

"Soma," Commandant alisema.

Akasoma. Alisoma habari za mtumbwi, na nyuma ya sauti yake walichomeka moto kwenye majani ya paa. Mama hakusimama. Walipoondoka alikuwa bado amekaa palepale mbele ya mlango wake, moshi unamfunika, na Zorobabel hakujua kama baadaye alisimama.

Ilikuwa hivyo kwa majuma mengi. Alikonda, miguu ikavimba, sauti ikakauka. Kilichomshika ni yale mambo mawili: kwamba kwao kuna watu wanalia, na kwamba Phinées alisema ukirudi utatuambia. Alipolala juu ya majani alipanga namna ya kusema. Atayaruka haya, atawaambia habari ya msitu, habari ya miti mirefu isiyoonekana vichwa.

Asubuhi moja askari walipata amri ya kwenda mahali pengine, haraka. Commandant alimwita.

"Touriste, voyage imeisha. Toa viatu."

Akatoa viatu. Commandant alivivaa, akamnyang'anya na karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa kifuani. "Mimi nitaenda pa nafasi yako. Nitatazama bile bikapo." Akamsukuma mgongoni, si kwa nguvu. "Uende ku benye kulia."

Alitembea pamoja na watu waliokuwa wanakimbia msitu, mpaka Oicha, mpaka Beni. Beni alilala siku kadhaa kwenye uwanja wa kanisa moja katika mtaa wa Beu, kati ya wakimbizi. Hapo alipita mwanamke wa Butembo, Kavira, muuza mafuta ya mawese anayemjua vizuri. Zorobabel akamwita. Kavira aligeuka, akaachia dumu la mafuta likamwagika chini, akakimbia bila kuliokota. Zorobabel alitazama matambara yake mwenyewe na miguu yake. Akafikiri: nimechafuka kweli.

Akapanda Butembo kwa miguu. Aliingia kwake mchana, jua wazi kabisa. Kando ya nyumba, kwenye shamba dogo la maharagwe, kulikuwa na kaburi. Udongo wake ulikuwa umeanza kukauka. Msalaba wa mbao ulikuwa umeandikwa jina lake kwa rangi ya bluu, ile rangi ya vibao vya duka la Phinées.

Kwetu kuna desturi. Mtu akifia mbali na mwili wake usionekane, haachwi hivihivi azunguke na hasira. Wanakata shina la mgomba la urefu wake, wanalivalisha nguo yake, wanalilaza kaburini, na mchungaji anafumba macho kana kwamba haoni. Na kama mtu huyo akirudi mzima? Hilo nalo wazee walikwisha kulipanga. Yule aliyetupa udongo wa kwanza ndiye peke yake anayeweza kulifukua shina, mbele ya ukoo wote, na mbuzi akichinjwa. Mpaka siku hiyo, aliyerudi hapiti mlango wa nyumba yake, hali na watu, wala haitwi kwa jina, kwa maana jina limelala chini.

Orpa alitoka kwa kusikia hatua. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, nguo nyeusi mwilini. Walitazamana.

"Ni mimi," Zorobabel alisema.

"Ninakuona."

"Juu ya nini mulifanya hii?"

Orpa alionyesha ukutani, kando ya mlango. Karatasi ilikuwa bado pale. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa Mambasa. Mahali pale palikuwa pamechafuka kwa kuguswa. "Redio ilisema Mambasa. Karatasi ilisema Mambasa. Ni weye mwenyewe ulisema karatasi hainadanganya." Akafunga mlango polepole, bila hasira. Halafu akafungua tena kidogo, akaweka nje sahani ya ugali na maharagwe, chini, upande wa kushoto, jinsi marehemu anavyowekewa.

Aliyetupa udongo wa kwanza alikuwa Phinées. Zorobabel akaenda dukani kwake. Phinées alipomwona alishika meza kwanza. Baadaye akaiachia.

"Karibu," alisema, akitazama vitenge. Jina hakulitaja.

"Phinées, uje unitoe."

"Nitakutoa. Nani amekataa? Mais ukoo yote ikusanyike. Bengine bamekimbia vita. Na mbuzi ya kwetu ilikamatwa na waaskari. Ngojea kidogo."

"Nitangojea wapi?"

"Wakimbizi balalaka wapi?" Phinées akapima kitenge kwa mkono, akakata. "Na nyumba usiogope. Niko naichunga. Orpa nilimuweka mu mikono yangu, anakula vizuri. Hata banamuheshimu ku kanisa sasa, mujane wa mutu alikufa mu vita. Mbele banamuitaka muke wa nani? Wa Fundi Valizi."

Mzee Éliakim naye alisema ngojea. Alisema kwa huruma kabisa, huku amevaa koti la Zorobabel, lile la zamani. La Jumapili lilikuwa limevalishwa mgomba.

Alingojea. Alilala kwenye ghala ya mkaa ya mtu, mchana akarudi sokoni na sanduku lake. Orpa alikuwa amelihifadhi chini ya kitanda. Alilitoa nje, upande wa kushoto, kama ile sahani. Watu walikimbia siku mbili tatu, halafu wakazoea, na walipozoea ndipo walipokuwa wabaya. "Marehemu, hii zipu itapona leo?" "Marehemu, huko mbinguni bagurudumu beko bei gani?" Wengine walimwita Touriste. Wanawake waliweka valizi chini na kurudi nyuma ili mkono wake usiwaguse. Hata wale waliomhurumia hawakulitaja jina, kwa sababu desturi ni desturi.

Ornella alikuja siku moja. Alisimama mbali akalia kwa mikono usoni, akasema, "Papa, nilikuambiaka ni ya leo." Zorobabel akamwambia si kitu, barabara mwanzoni ilikuwa nzuri kweli. Baada ya hapo Ornella alipita njia nyingine.

Na hakuna aliyemuuliza alichokiona. Hata mmoja. Jumapili alipita nje ya uwanja wa Phinées, akasikia Dubai, akasikia vicheko vilevile, na kiti chake kilikuwa kimekaliwa na mtu mwingine. Miti mirefu ya msitu alikuwa nayo yote kichwani, na yule mama mbele ya mlango wake, na Commandant wa jicho moja. Maneno yalikuwa yamepangwa tayari. Hayakutoka.

Mwaka ukapita. Wakubwa walipatana mahali fulani, redio ikasema vita vimekwisha. Waliokimbia walirudi, mbuzi wakapatikana. Maharagwe ya Orpa yakaota hata juu ya kaburi, akayavuna, akayauza pamoja na mengine. Zorobabel akamkumbusha mdogo wake, na Phinées akasema baada ya mavuno, halafu akasema baada ya Noeli.

Siku moja Phinées mwenyewe alikuja sokoni na valizi kubwa, mpya, gurudumu limevunjika. Alikuwa anakwenda Dubai. Aliiweka chini, akasimama pembeni, akaangalia saa yake, akawasalimu washona viatu wote mmoja mmoja. Zorobabel alitoa gurudumu la zamani, akaweka lingine, akapaka grisi, akalizungusha kwa kidole. Lilizunguka bila sauti. Akaufunga mkanda, akakata kile kikaratasi cha uwanja wa ndege kwa wembe. Safari hii hakukibandika kwenye kifuniko. Alimrudishia mwenyewe.

Phinées akashika valizi. Hapo Zorobabel akashika upande wa pili, wakawa wameishika wote wawili, na soko zima likatulia kutazama.

"Sikuulizi habari ya mbuzi," Zorobabel alisema. "Nakuuliza neno moja tu. Nilimuulizaka Orpa, alifunga mulango. Nilimuulizaka mzee Éliakim, alikohoa. Weye ndiye ulitupa udongo ya kwanza, ulikuwa karibu na shimo kuliko bote. Ile siku munazika mgomba, Phinées, kulikuwa ata mutu moja alilia?"